Ngozi ya Aallotar

Saa mbili kasorobo asubuhi umande ulikuwa bado umelala ubavuni mwa boti iitwayo Aallotar, na winchi ilikuwa imeshaingia getini kinyumenyume, ikilia vipindi vipindi kama ndege aliyepotezana na wenzake. Oiva Suikkanen alisimama chini ya omo, pua ya boti, akisubiri jua livuke paa la ghala. Huwezi kung'arisha boti yenye maji, na huwezi kuikausha kwa kuifokea. Aliifuta kwa taulo kuukuu, umande ukarudi. Akaifuta tena.

Upande wa kushoto aliumaliza jana. Uling'aa kiasi kwamba theluji chafu iliyosalia nyuma ya ghala ilionekana ndani yake kama shuka lililoanikwa juu ya bahari. Upande wa kulia ulikuwa bado na rangi yake ya majira ya baridi, bluu iliyochoka, bluu ya suruali ya kazi iliyofuliwa mara mia. Mtu angesimama mbele ya omo na kutazama pande zote mbili, angedhani anatazama dada wawili, mmoja kaolewa mjini na mwingine kabaki kukamua ng'ombe.

Aallotar ilikuwa namba kumi na saba. Winchi ilikodiwa siku moja tu kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Mei Mosi, na siku hiyo boti arobaini na moja za chama cha wenye boti zilitakiwa kuinuliwa, kupitishwa hewani juu ya vichwa vya watu na kutuliwa majini. Orodha ilibandikwa mlangoni pa jiko la chama tangu Machi. Boti zilipangwa mstari kwa mstari. Ya nyuma haitoki mpaka ya mbele itoke, kwa hiyo mmoja akizubaa wote wanazubaa naye. Katika chama kile cha Lehmälahti mtu aliweza kusamehewa ulevi, aliweza kusamehewa hata kumwacha mke. Kuchelewesha winchi hakukuwa na toba. Mwaka wa tisini na sita Pentti Hovila alisahau kizibo cha chini cha boti yake, ikaning'inia hewani saa nzima huku mwenyewe akikitafuta mifukoni mwa makoti yote aliyokuwa nayo. Sasa Pentti alikuwa na miaka themanini, wajukuu, na nishani ya zimamoto, na bado aliitwa Pentti wa Saa Moja.

"Oiva!" Kalervo Ilves, msimamizi wa winchi, alipita na kofia yake ngumu ya rangi ya chungwa. "Bado unamwogesha bibi harusi?"

"Bibi harusi katoka jasho usiku. Namngoja akauke."

"Ngoja tu. Mimi nina moyo wa kungoja. Winchi haina. Saa tano na robo, mzee, na ukichelewa tutakubatiza."

"Nibatizeni. Nina majina mabaya kuliko hayo nyumbani."

Kalervo alicheka akaenda zake. Oiva naye alicheka, mpaka alipogeuka. Kisha akaingiza mikono chini ya makwapa na kuibana hapo. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeupe, kuanzia nchani, kama mishumaa.

Vidole hivyo ndivyo alivyovificha kwa miaka mitatu. Kwanza vilikuwa vinakufa asubuhi za baridi na kufufuka adhuhuri. Baadaye vikawa havifufuki vyote. Daktari alimchoma ncha za vidole kwa sindano, akamwambia afumbe macho na aseme akisikia. Oiva alikaa amefumba macho, akingoja ile kazi ianze, kumbe ilikuwa imekwisha. Ni mtetemo wa mashine, daktari alisema, miaka arobaini ya mtetemo, acha sasa. Oiva alimshukuru, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe Irja kwamba ni shinikizo la damu, si kitu.

Maana angeacha aende wapi? Kila mwaka, baada ya boti zote kushuka, watu walikusanyika jikoni pa chama kula supu ya mbaazi, na ukutani pale kulikuwa na karatasi ya Oiva. Mtu akiwa na bakuli mkono mmoja aliandika jina lake kwa mkono mwingine: nami niwekee zamu ya mwakani, nami, nami. Kabla ya kuandika walikuwa wametoka nje kuitazama Aallotar. Hakuwa na tangazo jingine. Akiwa na karatasi ile iliyojaa, alikuwa mtu anayesubiriwa, anayepigiwa simu na mahakimu na madaktari wa meno wakimwomba kwa adabu. Bila karatasi ile alikuwa mzee mmoja tu wa mji wa Kotka mwenye dirisha linalotazama maegesho. Miaka miwili ilibaki afikie pensheni. Alitaka miaka miwili hiyo. Alijua pia kwamba siku watu wa yadi ya boti watakapojua kuhusu vidole, hakuna atakayemkabidhi boti yake, na alijua hawatakuwa na makosa.

Saa mbili na nusu jua lilivuka paa. Umande ukafuka mvuke mwembamba, ukaondoka. Oiva alivaa glavu, akapaka dawa nyeupe ya kusugulia kwa mistari midogo, akawasha mashine.

Aliijua boti ile kuliko mwenye nayo. Ilipozaliwa, kiwanda cha kando ya mto kilikuwa bado kinafanya kazi, na Oiva alikuwa kijana wa rangi, aliyepuliza ngozi ndani ya kalibu ya kufinyangia boti kabla faiba, yaani nyuzi za kioo, haijatandazwa juu yake. Ngozi ndivyo walivyoliita mafundi: lile tabaka gumu la rangi lililo nje kabisa, lisilozidi ukucha kwa unene. Ngozi ya Aallotar aliipuliza yeye mwenyewe. Kiwanda kilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wenzake wengine walikwenda bandarini, wengine walikwenda kwenye chupa, naye alinunua mashine ya kung'arishia, akaanza kuzifuata boti alizozitengeneza kama mkunga anayetembelea watoto wa watu.

Watu hudhani kung'arisha ni kuongeza kitu. Wanaona mng'ao, wanadhani umepakwa. Mng'ao haupakwi. Jua na chumvi vimeua sehemu ya juu. Unaikata ile iliyokufa ili iliyo hai chini yake ipate kuonekana. Mwaka unaofuata hiyo nayo imekufa, unakata tena. Kwa majira ya machipuko thelathini na sita Oiva alikuwa ameila Aallotar kidogo kidogo, kwa upendo, mbele ya macho ya watu waliomsifu. Na miaka miwili iliyopita, jioni moja jua likiwa limeshuka chini, aliona pale omo inapojikunja, ambapo ngozi siku zote huwa nyembamba, alama hafifu kama za kitambaa chini ya rangi. Alizijua ni nini. Ilikuwa faiba inachungulia.

Siku ile angepaswa kumwambia Hellevi Tuominiemi, mwenye boti: omo yako haina tena cha kukatwa, kuanzia sasa ni nta tu kwa mkono, na itafifia, na hakuna dawa. Hakusema. Mwaka uliofuata pia hakusema. Omo ndiyo watu walitazama kwanza.

Hellevi alikuja saa tatu na nusu, amevaa buti za mpira na kofia ya sufu, chupa ya chai kwapani. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na tano, na bado aliwaita watu kwa majina ya ukoo kana kwamba anawaita ubaoni. Alizunguka upande wa kushoto, akasimama.

"Suikkanen, hii si kazi ya Kikristo. Najiona mpaka makunyanzi."

"Ningeweza kufifisha kidogo pale kwenye shingo."

"Mshenzi wewe." Aliuangalia upande wa kulia, akaangalia saa yake. "Utafika?"

"Nimewahi kutofika?"

"Sijauliza historia."

"Nitafika, Hellevi."

"Vizuri. Maana tarehe kumi natoka. Visiwa vya nje, mpaka kule mwisho wa ramani, na sitaki kuona taa ya barabarani mpaka Septemba." Aligonga ubavu wa boti mara mbili kwa vifundo, kama anavyogonga mtu mlango wa nyumba anayoiamini. "Mikono haigandi kwa baridi hii?"

"Ina glavu," alisema Oiva, akaiweka nyuma.

Hellevi alikwenda jikoni kusaidia kukata mkate. Winchi ilikuwa kwenye namba ya nane.

Sasa njia yake ya kazi ilikuwa hivi. Mashine ikizunguka mahali pamoja, ngozi inapata moto. Ikipata moto inalainika. Ikilainika, sufu ya mashine inaichota kama kijiko kinavyochota siagi. Fundi anajua kwa vidole. Anasugua, anagusa, anasugua, anagusa, na vidole vinamwambia: endelea, ngoja, acha. Vidole vya Oiva vilipokufa, alitafuta kitu kingine cha kugusia, akajaribu kifundo cha mkono, akajaribu kiwiko, mwishowe akapata shavu. Shavu halikuwa limeshika mashine miaka arobaini. Alizima mashine, akavua kofia, akaegemeza uso kwenye boti na kufumba macho. Shavu lilimwambia yote. Kwa miaka mitatu alikuwa aking'arisha boti za Lehmälahti kwa uso wake, na kwa kuwa alipenda kufanya kazi asubuhi mapema, au nyuma ya turubai, hakuna aliyemwona.

Leo hapakuwa na turubai, na yadi ilikuwa imejaa.

Saa nne ubavu ulikuwa umekamilika kutoka tezi, nyuma ya boti, mpaka katikati. Alifanya kwa hila: alijifanya anatazama mng'ao kwa karibu, akaligusisha shavu na kuliondoa. Winchi ilichukua namba ya kumi na moja. Namba ya kumi na mbili. Mbele yake mstari ulikuwa unapungua kama meno ya mzee, na kila boti iliyoondoka iliacha uwazi ambao upepo wa baharini ulipitia, baridi, ukimjia mikononi moja kwa moja.

Alipofika kwenye omo alikuwa na dakika arobaini. Alisugua kidogo, akazima, akaegemeza shavu. Safari hii alikaa hapo, maana mahali penyewe alipaogopa.

"Jamani njooni muone!" Ilikuwa sauti ya Jorma, mwenye boti ya namba ya ishirini, soseji mkononi, haradali kidevuni. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili. "Suikkanen anabusu boti! Irja! Irja, toka jikoni uje umchukue mumeo, kapata mwingine!"

"Mwache," mmoja alisema, "huyo angalau haongei."

"Na mwili wake laini!"

Walicheka. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ni kicheko cha watu walioamka mapema na kula vizuri. Oiva alicheka nao, akapangusa shavu lililojaa dawa nyeupe. "Wivu tu huo, Jorma. Yako hata ukiibusu haing'ai."

Wakazidi kucheka. Hawakuondoka. Walisimama pale pale kumtazama akifanya kazi, kama watu wanavyotazama moto au mtu anayechimba shimo. Na Oiva, ambaye angeweza kusema nendeni huko, alivua glavu ya kulia na kufanya kama fundi yeyote: alisugua, akagusa kwa vidole. Alisugua, akagusa. Vidole havikusema kitu. Akaamua kwamba kutosema kitu maana yake ni baridi. Alirudisha mashine kwenye mkunjo wa omo, akaegemea kidogo ili rangi ifunguke, huku Jorma akisimulia jambo kuhusu trela.

Aliisikia kwa pua kwanza. Harufu tamu ya kiwandani, harufu ya ujana wake.

Aliinua mashine. Wale watatu walikuwa wameshageuka. Winchi ilikuwa inapitisha boti kubwa juu ya paa la jiko na kila mtu alitazama juu. Oiva peke yake alitazama mbele yake. Kwenye mkunjo wa omo, juu kidogo ya mstari wa maji, bluu ilikuwa imeondoka. Palikuwa na doa la kijivu-kahawia, upana wa kiganja cha mtoto, na ndani ya doa nyuzi za faiba zilipishana wazi kama mkeka.

Aligeuka akatazama nyuma. Hakuna aliyemwona.

Ndani ya sanduku lake kulikuwa na kopo la nta ya bluu. Kila fundi anayo. Hutumika kuficha mikwaruzo midogo. Alichota kwa kitambaa, akaijaza kwenye doa, akasubiri ikauke, akapaka tena, akasugua kwa mkono. Bluu ikarudi. Ikang'aa. Alirudi nyuma hatua tatu, nne, hakuona kitu. Mtu asiyejua hataona kitu mpaka Juni, labda Julai, jua litakapoila nta na wimbi litakapokuwa limeshapiga mahali hapo mara elfu, maji yakiingia taratibu ndani ya nyuzi na kukaa humo. Na mpaka Julai mengi hutokea. Boti inaweza kuwa imegonga gogo. Inaweza kuwa imesuguana na gati la wageni.

Alimaliza mita moja iliyobaki. Saa tano na dakika tano alizima mashine.

"Kumi na saba!" aliita Kalervo.

Mikanda mipana ya winchi ilipitishwa chini ya tumbo la Aallotar, mmoja mbele, mmoja nyuma. Hellevi alikuja akifuta mikono kwenye suruali, akasimama pembeni akiwa ameshika kamba ya kuizuia isizunguke. Winchi ikavuta. Boti ilijitikisa kidogo, ikaachana na magadi sita, miti ya kuegemezea boti, yaliyoishikilia tangu Oktoba, ikapanda juu ya kichwa cha mtu, ikatulia.

Hapo kulikuwa na desturi ambayo hata winchi iliiheshimu. Mahali magadi yalipokuwa yameegemea, rangi nyekundu ya chini haikuwahi kufika wakati wa kupaka, kwa hiyo boti ikiwa inaning'inia mtu alipita chini yake upesi na brashi, kuziba yale madoa sita. Dakika mbili. Tatu, kwa mwenye bahati. Kwa Aallotar mtu huyo siku zote alikuwa Oiva.

Aliingia chini na kopo. Tani nne zilining'inia juu ya kofia yake. Doa la kwanza. Brashi iliteleza kati ya vidole, akaishika kwa mikono miwili. Doa la pili. Kutoka huku chini aliisikia sauti ya Hellevi, akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Mimi huwa sikagui. Mume wangu Reino alipokuwa hai alikuwa anakagua kila kitu kwa tochi. Mimi nikiona Suikkanen kafunga sanduku lake, napakia chakula."

Doa la tatu.

Alikuwa amedhani uongo utakuwa kitu kizito, kitu ambacho mtu hukisukuma kwa nguvu. Kumbe ulikuwa mwepesi. Ulikuwa unaenda wenyewe, kama boti kwenye mikanda, na kazi yake yeye ilikuwa kutoinua mkono tu. Doa la nne. Aliwaza kisiwa cha nje, mwanamke wa miaka sabini na mmoja peke yake, usiku mweupe wa Juni usio na giza, na ile omo ikipanda na kushuka, na kila ikishuka, tone. Haitamzamisha. Itamfanya aishi juu ya kitu kinachooza huku akikisifu. Doa la tano.

"Oiva, unachora picha ya madhabahuni huko?" aliita Kalervo. "Watu wanataka supu!"

Doa la sita. Akalipaka. Akatoka chini ya boti.

Kalervo aliinua mkono kumpa ishara mwendesha winchi.

"Usishushe," alisema Oiva.

"Nini?"

"Isishuke bado. Hellevi, njoo hapa kwenye omo."

Hellevi alimpa kamba mtu mwingine, akaja. Oiva aliweka kidole pale. "Nimeichoma."

"Umechoma nini? Mimi naona omo."

"Unaona nta. Chini yake hakuna ngozi. Nimetoboa mpaka kwenye faiba, nikafunika."

Hellevi alivua glavu, akakwaruza kwa ukucha. Bluu ilitoka kama masizi ya mshumaa, ikamkaa ukuchani. Nyuma yao injini ya winchi ilikuwa inanguruma tupu, na mstari mzima wa watu waliokuwa na namba mikononi ukaanza kusogea karibu.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu hivi."

"Sasa ni saa tano na nusu. Saa nzima, Suikkanen. Umenipita mara mbili umebeba ndoo. Uliniambia mkate unanukia vizuri."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alivua glavu zote mbili, akanyoosha mikono mbele, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Vidole vinane vilikuwa vyeupe mpaka kwenye viungo vya kati. "Hivi havisikii. Moto, baridi, havisikii kitu. Huu mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu?" Kalervo alisogea, kofia imepanda juu ya paji. "Ngoja kwanza. Yangu uliifanya mwaka jana. Ile nyekundu. Yangu uliifanyaje?"

"Kwa shavu."

Mtu mmoja alicheka kwa mshtuko, akanyamaza haraka. Jorma alikuwa anatazama buti zake. Mlangoni pa jiko Irja alisimama na upawa wa supu mkononi, na Oiva hakuthubutu kumtazama zaidi ya mara moja.

"Na hii," Hellevi alisema, hakuwa amepandisha sauti, na ndiyo maana kila mtu alisikia, "ni ya leo tu? Au kuna lingine?"

Alikuwa mwalimu kweli. Alijua kwamba nyuma ya kosa la kwanza kuna la kabla yake.

"Kuna lingine. Nilijua tangu mwaka juzi kwamba hapa ngozi imekwisha. Nilipaswa kukuambia tuache mashine. Sikukuambia."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu isingeng'aa."

Hellevi alifuta ukucha wake kwenye koti. Kutoka mwisho wa mstari sauti ikaita, "Tunashusha au tunasali?" na sauti nyingine, "Mpigie simu Pentti aje amkabidhi jina!" Wachache walicheka. Kalervo aliwageukia: "Fungeni midomo huko!" Halafu akamwambia Hellevi, kwa upole, "Uamue, mama. Ikirudi kwenye magadi inakaa nchi kavu mwaka mzima. Winchi hairudi."

"Najua winchi hairudi." Alimgeukia Oiva. "Maji yanafika hapo?"

"Ikiwa imefungwa gatini, hapana. Ikitembea, kila wimbi."

"Inatengenezeka ikiwa majini?"

"Inatengenezeka. Ukiwa kwenye mtumbwi. Kukausha, kujaza ngozi mpya, kusugua kwa mkono. Siku mbili kavu, tatu. Haitang'aa kama kwingine. Itaonekana daima."

"Kwa mikono ya nani?"

Oiva alitazama mikono yake.

"Shusha," Hellevi alimwambia Kalervo.

Mkono ukainuliwa, mwendesha winchi akavuta gia, na Aallotar ikazunguka taratibu juu ya watu, upande mmoja uking'aa kama dada wa mjini, upande mwingine vivyo hivyo, na kwenye omo mkwaruzo mmoja mdogo wa ukucha. Walipokuwa wanatazama juu, mtu alimgusa Oiva begani. Alikuwa hakimu mstaafu, mtu muungwana, namba thelathini na tatu. "Oiva, usiwe na shaka kuhusu yangu mwakani," alisema. "Nafikiri safari hiyo nitaifanya mwenyewe. Mazoezi, unajua." Kisha Jorma, bila kumtazama: "Na mimi nitaona, bwana. Tutaongea." Walisema kwa upole kabisa, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa. Kalervo alikuwa anaitazama boti yake nyekundu mahali ilipokuwa, mbali, akiwa amekunja uso.

Oiva alisimama. Aliogopa sana jambo hili miaka mitatu, na sasa lilipokuja lilimkuta amechoka tu, na kifuani kuna nafasi ambayo hakujua aitumie kwa lipi.

Boti iligusa maji, ikajilaza. Hellevi aliruka kutoka gatini mpaka kwenye sitaha kwa wepesi usiolingana na umri wake, akachungulia chini kama maji yanaingia, akawasha injini, akaashiria mikanda iachiwe. Upepo ulikuwa unatoka baharini, nao mara moja ukaanza kuisukuma omo kuelekea ukuta wa zege. Alihitaji mtu wa kamba ya mbele. Mtu yeyote angeweza. Walikuwepo kumi pale gatini.

"Suikkanen!" aliita, kamba imekunjwa mkononi. "Sijakusamehe, elewa hivyo."

"Naelewa."

"Jumatatu saa mbili uje. Utakaa hapo gatini na kuniambia la kufanya, hatua kwa hatua, na usinifiche kitu. Mikono itakuwa yangu. Sitaki mtu mwingine aiguse, na wewe hutaigusa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi shika!"

Kamba iliruka, imelowa maji, nzito. Aliipokea kwa kifua. Vidole vilijaribu kuifunga, vikashindwa, kamba ikaanza kuteleza na omo ikazidi kusogelea zege. Hapo Oiva aliacha kuvitumia vidole. Aliizungusha kamba kwenye mkono, mara moja, mara mbili, juu ya kifundo, akakanyaga ukingo wa gati na kuegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kamba ikakaza. Tani nne zikamvuta, zikasita, zikasimama shibiri moja kutoka ukutani. Maumivu yalipanda kutoka kwenye kifundo mpaka kiwikoni, na huko aliyasikia vizuri, yote.

"Nimeshika," alisema.